Asiyekuwapo na Lake Halipo

Katika kumbukumbu za serikali, Kenya haikuwa vitani mwezi Januari 2008. Hakuna aliyetangaza vita na hakuna jeshi la kigeni lililovuka mpaka. Tulikuwa na ghasia za baada ya uchaguzi, na hilo ndilo jina lililoingia vitabuni. Mtoto wa miaka mitatu wa mtaa wa Obunga, mjini Kisumu, hajui tofauti hiyo. Anachojua ni kwamba mlango umefungwa mchana kweupe, macho yanawasha kwa moshi wa vitoa machozi, maji yamekwisha mtungini na mama hathubutu kutoka. Vimelea vya magonjwa navyo havingoji tangazo. Kwa sisi tuliokuwa tukifuatilia magonjwa ya watoto Kisumu, ilikuwa vita, na vita vya panzi ni furaha ya kunguru.

Kazi yenyewe haina mvuto wowote, na huenda ndiyo maana haizungumzwi. Wakati huo kila kituo cha afya kilijaza fomu ya wiki, ile ya Wizara ya Afya yenye nambari 505, na kuifikisha ofisi ya wilaya mwanzoni mwa wiki inayofuata. Magonjwa yalipangwa kwa safu: surua, kipindupindu, kuhara damu, homa ya uti wa mgongo, pepopunda ya watoto wachanga, kupooza kwa ghafla na mengineyo. Unaandika wangapi wameugua, wangapi wamekufa. Pasipo na mgonjwa huachi wazi, unaandika sifuri. Ni sehemu ya mfumo ambao nchi za Afrika zilikubaliana mwaka 1998 chini ya Shirika la Afya Duniani, wa kufuatilia magonjwa yote ya mlipuko kwa mpango mmoja badala ya kila ugonjwa kuwa na ofisi na fomu zake. Mimi nilikuwa msaidizi tu katika mfumo huo. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka vituoni, kukumbusha waliochelewa, kupekua rejista za wodi ya watoto na kuuliza kwa nini kilichoandikwa kitabuni hakikufika kwenye fomu.

Kati ya safu zote hizo, iliyonifundisha zaidi ni ya kupooza kwa ghafla. Mtoto yeyote wa chini ya miaka 15 ambaye mguu au mkono umelegea ghafla bila kuumia huhesabiwa kuwa mshukiwa wa polio mpaka maabara iseme vingine. Zinatakiwa sampuli mbili za choo, zilizopishana kwa saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu ulegevu uanze, nazo zifike zikiwa bado baridi katika maabara ya Taasisi ya Utafiti wa Tiba ya Kenya (KEMRI), Nairobi. Kuna jambo ambalo watu wengi hushangaa wakilisikia. Ulegevu wa namna hiyo husababishwa na mambo mengi mbali na polio, kwa hiyo hata nchi isiyo na polio kabisa hutarajiwa kupata kila mwaka angalau mtoto mmoja mwenye ulegevu huo katika kila watoto 100,000 wa umri huo. Wilaya isiyoripoti hata mmoja haipongezwi. Inaulizwa: mlitafuta?

Swali hilo halikuwa la nadharia. Kenya ilikuwa imekaa miaka 22 bila polio, tangu 1984, hadi Oktoba 2006 virusi vilipoonekana tena Garissa, katika kambi za wakimbizi za Dadaab, vikitokea Somalia iliyokuwa kwenye vita. Kila mmoja wetu alijua kwamba ugonjwa uliosahauliwa huweza kupanda matatu na kushuka popote.

Obunga iko kaskazini mwa mji wa Kisumu, upande wa Kondele na Kanyakwar. Ni vyumba vya kupanga vya udongo na mabati, mitaro iliyoziba, vyoo vya shimo vilivyochimbwa hatua chache kutoka visima vifupi. Mvua ikinyesha, maji ya choo na maji ya kisima hayana mpaka. Watu wa mjini wanaijua kwa mgongo wazi. Viwanda vya samaki hukata minofu ya mbuta (sangara) na kuipeleka Ulaya. Mifupa iliyobaki, yenye kichwa na mkia, wanawake wa Obunga huinunua, huianika, huikaanga katika sufuria kubwa za mafuta na kuiuza kwa wasiomudu samaki mzima. Biashara hiyo ndiyo iliyolipa kodi za nyumba na karo za shule, na baadaye, kama nitakavyoeleza, ndiyo iliyotupa njia ya kuhesabu wagonjwa.

Hata wakati wa amani, kukua Obunga hakukuwa jambo la kuchukuliwa hivi hivi. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2008–09 ulikuta kwamba katika mkoa wetu wa Nyanza watoto 149 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai walikufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mkoa wa Kati walikuwa 51. Malaria, kuhara, nimonia na Ukimwi viligawana vifo hivyo. Ghasia zilipokuja hazikuleta magonjwa mapya. Zilivunja vijiti vichache vilivyokuwa vimeegemeza ukuta.

Matokeo ya urais yalitangazwa jioni ya tarehe 30 Desemba 2007. Kisumu iliwaka. Maduka yaliporwa na kuchomwa, kafyu ikawekwa, na risasi zikasikika mchana na usiku. Tume ya Jaji Waki, iliyochunguza ghasia hizo, baadaye iliandika kwamba watu 1,133 waliuawa nchi nzima katika miezi ile miwili, na Kisumu ni miongoni mwa miji ambako wengi walikufa kwa risasi. Sitarudia yaliyoandikwa na wengine. Nataka kueleza kilichoipata fomu.

Hospitali kubwa ya mkoa wa wakati huo tunaiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka 1969. Kutoka Obunga unaweza kwenda kwa miguu ukiwa na mtoto mgongoni. Lakini njia hupita Kondele, na Kondele ndiko kulikokuwa na matairi ya moto upande mmoja na polisi upande wa pili. Mama aliyekuwa na mtoto mwenye homa alipima mambo mawili: homa hii huenda ikashuka yenyewe, lakini risasi ikimpata mtu haimrudishi. Wengi walibaki nyumbani, na sioni wa kuwalaumu. Vituo vidogo navyo vilikuwa na mashaka yao. Wauguzi waliotoka jamii nyingine walikimbilia kituo cha polisi au walitoroka kabisa. Waliobaki walilala kazini kwa sababu kurudi nyumbani kulikuwa hatari. Barabara ya Nairobi ilifungwa katika miji kadhaa, reli iling'olewa Kibera, na dawa zikaanza kupungua rafuni.

Sasa ione fomu. Mtoto anaharisha Obunga, haletwi kituoni, kituoni haandikwi. Muuguzi aliyekuwa akijaza amekimbia, na aliyeshika nafasi yake anashona majeraha ya risasi, fomu haijazwi. Ikijazwa, hakuna wa kuipeleka. Mwisho wa yote, karatasi chache zilizotufikia mezani wiki zile zilikuwa safi kuliko za mwezi Novemba. Surua, sifuri. Kipindupindu, sifuri. Mtu aliyezisoma akiwa mbali angedhani watoto wa Kisumu wamepona kwa pamoja. Waswahili walilisema hili zamani: asiyekuwapo na lake halipo. Mfumo wetu ulihesabu waliokuja. Vita ni hali ambayo wanaougua zaidi ndio wasioweza kuja, kwa hiyo kila ugonjwa ulipozidi kukua mitaani, ulizidi kupungua kwenye karatasi.

Jawabu la kwanza lilikuwa rahisi kutamkwa: kama hawaji, tuwafuate. Palipokuwa na utulivu wa saa chache asubuhi, tuliingia mitaani na wahudumu wa afya wa kijiji, wale ambao Wajaluo huwaita nyamrerwa. Nilibeba daftari kama nilivyozoea. Mlango wa tatu au wa nne, mzee mmoja alisimama kizingitini akanizuia kwa upole.

"Daktari," aliniambia, ingawa sikuwa daktari, "hiyo daftari irudishe kwa mfuko. Siku hizi mtu mwenye daftari haijulikani anaandikia nani."

Alikuwa na haki. Katika wiki zile jina la mtu lilikuwa hati ya kusafiria au hukumu. Jina la ukoo humtaja mtu kabila lake, na kote nchini watu walikuwa wakitafutwa nyumba kwa nyumba kwa ajili ya majina yao. Mgeni anayepita akiuliza, "Nani anaishi hapa? Mko wangapi? Mmetoka wapi?" alikuwa akiuliza maswali yale yale ambayo wauaji waliuliza. Vitabu vya mafunzo vinasisitiza jina kamili, kijiji, jina la baba. Hakuna kitabu kilichotuambia kwamba orodha ya wagonjwa na orodha ya wa kuchomwa hufanana zikitazamwa na aliye ndani ya mlango.

Tukaacha majina. Tuliandika umri kwa miezi, dalili, siku ugonjwa ulipoanza, na mlango kwa alama ambayo nyamrerwa wa eneo ndiye pekee aliyeifahamu: mlango wa cherehani, mlango wa mbele ya kisima, mlango wa kuku. Daftari likiangukia mikono mibaya, lisingemfaa mtu kitu. Kesho yake nyamrerwa angeweza kurudi kwa mtoto yule yule bila kukosea. Takwimu zetu zilikuwa za kienyeji, lakini zilikuwa za kweli.

Jawabu la pili lilitoka kwenye sufuria za mgongo wazi. Viwanda viliposimama, wanawake wale walibaki wakikaanga kidogo walichopata, kwa kuwa watu lazima wale. Walipita vichochoro ambavyo sisi tuliogopa. Vijana wa vizuizini waliwajua kwa jina, wengine walikuwa wana wao. Na walikuwa wakiwaona watoto wote wa mtaa kila siku. Nilimuuliza mmoja wao, mama wa makamo ambaye mtaa mzima ulimwita dani, yaani bibi, anajuaje mtoto gani anaumwa.

"Mtoto akipita hapa asiombe," alijibu, "huyo ni mgonjwa."

Tangu siku hiyo tulibadilisha maswali. Ukimuuliza mtu kama kuna mwenye kipindupindu, utajibiwa hapana, kwa sababu jina hilo huleta aibu na huenda likaleta polisi wa kufunga biashara ya chakula. Tuliuliza mambo ambayo jirani huyaona: Ni mtoto gani haonekani nje tangu juzi? Nani anafua matandiko kila saa? Nyumba gani imemaliza sukari ya uji kwa kutengeneza maji ya chumvi? Na swali tulilouliza mwisho, kwa sauti ya chini: nani amezikwa? Katika Ujaluo kifo hakifichiki. Ugonjwa unaweza kukaa kimya ndani ya chumba, lakini msiba una viti, una moshi wa chakula, una watu wanaokesha. Kaburi la mtoto mchanga huchimbwa bila matanga makubwa, hata hivyo majirani wanajua. Tulipata kwa swali hilo habari ambazo rejista yoyote ya wodi isingetupa.

Kuharisha ndiko kulikokuwa kwingi. Nyamrerwa waliwafundisha tena akina mama maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari, nusu kijiko cha chumvi, vijiko vikiwa vimesawazishwa kwa kisu. Maduka yalipofungwa, sukari ikawa adimu, nao wakabadilishana kwa kikombe mlango kwa mlango. Mtoto aliyekuwa na macho yaliyodidimia na ngozi isiyorudi ukiifinya alihitaji zaidi ya hapo. Huyo alipelekwa Russia kwa kuzunguka vichochoroni, alfajiri kafyu ilipoisha na kabla mawe hayajaanza kurushwa. Hapo ufuatiliaji uliacha kuwa takwimu. Kumjua mtoto wa kupelekwa leo na yule wa kungoja hadi kesho ndiyo maana nzima ya kuhesabu.

Katikati ya hayo akapatikana mtoto ambaye mguu wake mmoja ulikuwa umelegea. Nyamrerwa alikumbuka mafunzo akaleta habari. Sampuli zilichukuliwa, lakini stima ilikuwa imekatika na barafu ya kituoni ilikuwa maji. Barafu tuliipata kwa wauza samaki, ile ile ya kuhifadhia mbuta na ngege, tukaibadilisha mara kwa mara katika kisanduku cha chanjo huku tukingoja usafiri wa Nairobi. Kizuizini Kondele vijana walikitazama kisanduku, mmoja akauliza kuna nini ndani. Nyamrerwa alimjibu kwa Kijaluo, bila kupamba, kwamba ni choo cha mtoto na kinakwenda kupimwa polio. Walicheka, kisha wakaburura jiwe kando. "Pita daktari, lakini urudi kabla ya saa kumi na mbili." Wiki kadhaa baadaye maabara ilijibu kwamba si polio. Wengi wa watoto wa namna hiyo hawana polio. Jibu lile lilikuwa na thamani kuliko fomu zote zisizo na wagonjwa, kwa sababu mtu alikuwa ametafuta kabla ya kuandika hapana.

Vijana wale hawakuwa wamesoma habari za El Salvador. Huko, mwaka 1985, serikali na waasi walikubaliana kusimamisha mapigano kwa siku maalumu ili watoto wachanjwe, na utaratibu huo ukaigwa katika nchi nyingine zenye vita. Nilipokuja kulisoma jambo hilo miaka mingi baadaye, nilikumbuka jiwe lililoburutwa Kondele. Wanaopigana wana watoto, na mara nyingi hufungua njia wakiambiwa ukweli mfupi na mtu wanayemjua. Kama kisanduku kile kingebebwa na mgeni aliyeshuka kutoka gari lenye bendera, sina hakika kama kingepita.

Mwishoni mwa Januari mapigano yalihamia Nakuru na Naivasha, na mabasi yakaanza kushusha watu Kisumu. Walikuwa Wajaluo waliofukuzwa huko, wengi wakiwa wamezaliwa huko huko na hawajapata kuishi Nyanza. Nchi nzima waliohama makwao walizidi 350,000. Magazeti yalionyesha mahema ya Eldoret na Nakuru. Sisi hatukuwa na mahema mengi, kwa sababu waliokuja kwetu walipokewa na ndugu. Shangazi wa Obunga mwenye chumba kimoja alipokea familia ya watu sita. Usiku walilala kwa kupangana sakafuni.

Ukarimu huo ulikuwa wa ajabu, na kwa mfuatiliaji wa magonjwa ulikuwa fumbo gumu. Kambi ina lango, ina rejista, ina mtu wa kugawa unga na kuhesabu vichwa. Chumba cha shangazi hakina. Misaada ilifuata mahema, nayo takwimu ikafuata misaada. Mtoto aliyelala hemani alikuwa mkimbizi wa ndani. Aliyelala sakafuni kwa shangazi hakuwa na jina lolote katika orodha. Ilhali surua hupenda zaidi sakafu ile. Mtoto mwenye surua huambukiza siku nne kabla ya upele kutokea, wakati kila mtu anadhani ni mafua tu, na mgonjwa mmoja huweza kuambukiza watu 12 hadi 18 kama hawana kinga. Watoto wale walifika bila kadi za kliniki, zilizoungua pamoja na nyumba. Tulitazama kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu, kwenye mkono wa kushoto, angalau tujue kama mtoto aliwahi kufika kliniki. Tulimuuliza mama kama anakumbuka sindano ya miezi tisa, ambayo siku hizo ndiyo pekee ya surua katika ratiba. Palipokuwa na shaka, mtoto alichanjwa, kwa kuwa dozi ya ziada haimdhuru na dozi iliyokosekana huweza kumuua.

Makubaliano kati ya Mwai Kibaki na Raila Odinga, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008. Watu walidhani mambo yamekwisha. Kipindupindu ndiyo kwanza kilikuwa kinachanganya. Mlipuko wa mwaka ule magharibi mwa Kenya uliua watu kwa kiwango kisicho cha kawaida, na watafiti wakaamua kufanya kwa utaratibu kile ambacho sisi tulikifanya kwa kubahatisha: walikwenda vijijini kuwatafuta wagonjwa na waliokufa, badala ya kutegemea ripoti za vituo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, na ni takwimu ambazo sijazisahau. Walipotafuta, idadi ya wagonjwa waliopona iliongezeka kwa asilimia 37. Idadi ya waliokufa iliongezeka kwa asilimia 200. Maana yake, kwa kila kifo kilichokuwa kimeandikwa, vingine viwili vilikuwa nje ya vitabu. Kiwango cha vifo kati ya wagonjwa kilipanda kutoka asilimia 5.5 hadi 11.4. Kipindupindu kikitibiwa vizuri hakipaswi kuua hata mmoja katika mia.

Zitazame tarakimu hizo mbili za kwanza kwa pamoja. Kama mfumo ungekuwa unapoteza watu bila upendeleo, waliopona na waliokufa wangepotea kwa kiasi sawa. Haukufanya hivyo. Ulipoteza wafu kwa wingi zaidi, kwa sababu aliyekufa nyumbani hakuwahi kuonana na mwenye kalamu. Utafiti ule ule ulionyesha pia kilichowaokoa waliopona: kulazwa hospitalini, kutibiwa katika vituo vya serikali, kupata dawa wakiwa nyumbani, na kufundishwa na mhudumu wa afya kuhusu kipindupindu. Miongoni mwa waliokufa wakiwa wamelazwa, majalada yalionyesha kwamba hawakupewa maji ya kutosha, wala kwa mdomo wala kwa mshipa, na kwamba wahudumu na vifaa vilikuwa haba. Kwa hiyo njia ya hospitali, mtu wa hospitali na dawa ya hospitali, vitu vitatu ambavyo ghasia zilivikata, ndivyo vilivyokuwa mpaka kati ya kupona na kufa.

Nimewasikia watu wakisema hayo yalikuwa ya 2008 na yamepita. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kuanzia Juni hadi Novemba. Ndani ya mgomo huo kukawa na uchaguzi wa Agosti, ule wa urais ukafutwa na Mahakama ya Juu tarehe 1 Septemba, ukarudiwa Oktoba, na Kisumu ikarudi kwenye mawe na vitoa machozi. Mtoto wa miezi sita alipigwa nyumbani kwao Nyalenda polisi walipovamia usiku, akafa; nchi nzima ilimlilia, na ilikuwa haki kumlilia. Lakini katika miezi hiyo hiyo watoto wengi walitimiza miezi tisa na hakuna aliyewadunga sindano ya surua, kwa kuwa milango ya kliniki ilikuwa na kufuli. Hao hawakuwa na picha gazetini. Madhara ya vita kwa mtoto mara nyingi huja baadaye, vijana wameshafagia matairi, na hakuna anayeyahusisha na uchaguzi.

Majirani zetu wa Kongo wanalijua hili kuliko sisi. Kati ya 2018 na 2020 dunia ilielekeza macho Kivu Kaskazini na Ituri, ambako Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 katikati ya mapigano. Wakati huo huo surua ilikuwa ikipita nchi nzima. Kufikia Januari 2020 ilikuwa imeua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto wadogo, kwa ugonjwa ambao chanjo yake ni ya miaka ya sitini. Ebola ilikuwa na wafuatiliaji kila kona, hata wa kupima joto barabarani. Surua haikuwa na mlinzi wa namna hiyo.

Nikijumlisha niliyoyaona, ninayo mambo machache ya kumshauri anayeshika kazi hii leo. Ripoti ikipungua wakati wa machafuko, iogope kuliko ikizidi. Karibu na kila sifuri iandikwe nani alitafuta na alifika wapi. Asipokuwapo mtu huyo, andika kwamba hakuna habari, na usiandike kwamba hakuna ugonjwa. Hesabu vifo kwa kuwauliza wanaozika. Wakimbizi waliopokewa majumbani wahesabiwe sawa na wa kambini, la sivyo ukarimu wa maskini utageuka adhabu kwa watoto wao. Na orodha yoyote itakayotengenezwa wakati wa amani iandaliwe ikijulikana kwamba siku moja itasomwa na adui wa mtu aliyeandikwa humo.

Hili la mwisho lina uzito mpya. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakapewa mikoba ya vifaa na simu za kusajili kaya. Ni hatua niliyoitamani kwa miaka. Simu hiyo inajua jina, namba na mahali pa kila mtu. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2027, kila kaunti ijiulize: mtandao ukizimwa, habari zitapita wapi? Simu ikinyang'anywa, atakayeifungua ataona nini? Kila mhudumu wa Obunga, Manyatta na Nyalenda awe na akiba ya chumvi za kurudisha maji mwilini (ORS) na zinki ya kutosha wiki nne, kwa sababu kafyu haitoi notisi. Na wauza mgongo wazi, waendesha boda boda na wazee wa mtaa wafundishwe sasa dalili tatu au nne za hatari, si wakati matairi yanawaka.

Yote hayo ni rahisi kuliko hospitali moja mpya. Kigumu ni kimoja, nacho ni uaminifu, ambao hauhifadhiwi ghalani ukatolewa siku ya dharura. Nyamrerwa walitufungulia Obunga mwaka 2008 kwa sababu miaka mingi kabla ya hapo walikuwa wameingia vyumba vile vile kupima watoto, bila malipo ya maana na bila kamera. Wahudumu wa leo wameahidiwa posho, na katika sehemu kadhaa posho hiyo huchelewa hadi mtu akaacha kuzunguka akatafute kibarua. Kaunti inayofanya hivyo inadhani imeokoa pesa za mwezi. Mhudumu asiyejulikana mlangoni mwezi Machi hatafunguliwa mlango huo mwezi Agosti.